Kupanga na Kukabidhi

Mwanadamu hupanga, Mungu hupangua. Msemo huu husikika pale harusi inapoahirishwa, safari inapovunjika, au kazi iliyosubiriwa kwa miezi inapokwenda kwa mtu mwingine. Uzito wake wote umo katika jozi ya vitenzi. Kupanga ni kuweka vitu mahali pake. Kupangua ni kuviondoa pale vilipowekwa. Kwa mujibu wa msemo huo, mtu na Mungu wake wamesimama mbele ya kabati moja la vyombo, mmoja anaweka na mwingine anashusha. Anayeushika kwa moyo wote huishia katika moja ya njia mbili: ama huacha kupanga kabisa, kwa kuwa yote yatapanguliwa, ama hupanga kwa hofu, akimficha Mungu mipango yake kama mtu anavyomficha mshindani.

Kitabu cha Mithali, sura ya 16, mstari wa 9, huanzia mahali pale pale. Hapo pia mtu hupanga: huitafakari njia yake moyoni. Tofauti iko katika nusu ya pili, kwa maana Bwana anatajwa kuwa ndiye anayezielekeza hatua za mtu huyo. Hatua huelekezwa kwa anayetembea tu. Mtu aliyekaa kitako hana hatua za kuelekezwa. Hivyo mstari huo mfupi unamkubali mpangaji, unaikubali safari yake, kisha unamwonyesha nani mwenye neno la mwisho juu ya mahali mguu utakapokanyaga. Mafundisho ya Kikristo kuhusu kumtumaini Mungu katika mipango yamejengwa juu ya msingi huo, na kitenzi chake kikuu ni kukabidhi.

Neno hilo linapatikana mistari michache kabla, katika mstari wa 3 wa sura hiyo hiyo, ambapo mtu anaagizwa amkabidhi Bwana kazi zake. Kwa Kiswahili, kukabidhi ni neno la ofisini na ghalani. Mtunza ghala anapohama hufanya makabidhiano: funguo, daftari na mali vinahesabiwa mbele ya anayepokea. Kitu kilichokabidhiwa kinajulikana, kina orodha, na tangu siku hiyo kina mwenye kukijibia. Kiebrania cha mstari huo kinaongeza picha nyingine, kwa sababu kitenzi chake kina maana ya kubingirisha, kama mtu anavyobingirisha jiwe asiloweza kulinyanyua. Kitenzi hicho hicho kimo katika Zaburi ya 37, mstari wa 5, panaposemwa habari ya njia ya mtu na Bwana. Picha hizo mbili zinakamilishana. Mpango unapaswa kuwa wazi kiasi cha kuorodheshwa, na uzito wake unapaswa kuondoka mabegani mwa aliyeupanga.

Waraka wa Yakobo, sura ya 4, mstari wa 13 hadi wa 16, ndio mahali Agano Jipya linapolishughulikia jambo hili kwa ukali zaidi. Yakobo anawageukia wafanyabiashara wanaosema kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani, watakaa mwaka mmoja, watauza na kununua, na watapata faida. Mpango wao una kila kitu: siku ya kuondoka, mahali, muda, kazi na matokeo. Yakobo hapingi biashara, safari wala faida. Anaonyesha kwamba wenye mpango huo hawajui hata kesho itakuwaje, na kwamba maisha yao ni kama mvuke unaoonekana kitambo kidogo kisha ukatoweka. Kosa analolitaja kwa jina ni majivuno: kuizungumzia kesho kana kwamba ni mali iliyokwisha kulipiwa. Dawa anayoitoa ni kuweka mapenzi ya Bwana mwanzoni mwa sentensi, kabla ya kutaja kuishi na kabla ya kutaja kutenda. Mpangilio huo una maana. Watu wengi hukumbuka kwamba faida iko mikononi mwa Mungu. Yakobo anawakumbusha kwamba hata kuwa hai asubuhi ya safari kuko mikononi mwake.

Kutokana na mafundisho hayo, Wakristo wa nchi na karne mbalimbali wamekuwa na desturi ya kuambatanisha mipango na maneno ya kujisalimisha. Katika barua na matangazo ya mikutano huko Ulaya ziliandikwa herufi mbili, D.V., ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya Mungu akipenda. Wazungumzaji wa Kiswahili wana Mungu akipenda, Mungu akijalia, na inshallah, ambayo katika pwani hutamkwa na majirani Wakristo na Waislamu. Wingi wa maneno hayo ni utajiri, lakini una hatari yake. Neno linalotamkwa kila siku huchakaa. Kila mtu anaijua ile Mungu akijalia ya mwalikwa ambaye tayari ameamua moyoni kwamba hatakuja. Jina la Mungu linapotumiwa kukwepa ahadi, maneno ya unyenyekevu yamegeuka kuwa pazia. Yakobo aliagiza maneno hayo yasemwe na mtu aliyekwisha funga mizigo yake, anayenuia kwenda, na anayekubali kurudishwa njiani.

Jambo kwamba kupanga ni wajibu linathibitishwa na Yesu mwenyewe katika Injili ya Luka, sura ya 14, anapotoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo huketi kwanza, akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, akawa kichekesho kwa wapita njia. Mfano huo unahusu gharama ya kuwa mwanafunzi, lakini unamchukulia mjenzi mwenye hesabu kuwa mtu mwenye akili timamu. Katika miji ya Afrika Mashariki mfano huo hauhitaji kuelezwa sana. Nyumba zilizoishia kwenye linta, zenye nondo zilizoshika kutu na magugu vyumbani, ziko kila mtaa. Baadhi zimesimama kwa sababu ya ugonjwa au msiba ambao hakuna aliyeweza kuutazamia. Nyingine zimesimama kwa sababu mwenyewe hakuketi kuhesabu, na huenda alikuita kutohesabu huko imani.

Nehemia anaonyesha namna sala na hesabu vinavyokaa katika mtu mmoja. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika ngome ya Shushani alipoletewa habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Habari hizo zilimfikia katika mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme katika mwezi wa Nisani. Kati ya miezi hiyo kuna kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba. Siku mfalme alipomuuliza anataka nini, Nehemia aliomba kimya kimya kwa Mungu wa mbinguni, kisha akajibu papo hapo kwa mambo yaliyokwisha fikiriwa: muda atakaokuwa hayupo, barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe mbao. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta kabla ya kumweleza mtu yeyote. Adui walipotishia, wajenzi walimwomba Mungu na kuweka walinzi mchana na usiku. Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Katika masimulizi hayo hakuna mahali sala inapochukua nafasi ya kazi, wala mahali kazi inapoiona sala kuwa kupoteza wakati.

Nehemia alipanga, akakabidhi, akapewa alichoomba. Si kila mpango mwema huenda hivyo, na Maandiko hayafichi jambo hilo. Mfalme Daudi alikuwa akikaa katika nyumba ya mierezi wakati sanduku la Mungu likiwa chini ya hema, na jambo hilo lilimsumbua. Alikusudia kujenga hekalu. Nabii Nathani alimwambia aendelee, kwa kuwa Bwana yuko pamoja naye. Usiku ule ule neno la Bwana likamjia Nathani, na asubuhi nabii akalazimika kurudi na jibu lingine: atakayejenga ni mwana wa Daudi. Habari hizo ziko katika Samweli wa Pili, sura ya 7. Mambo mawili yanastahili kuangaliwa hapo. La kwanza, mshauri mcha Mungu anaweza kutoa baraka kwa haraka na kulazimika kuirekebisha. La pili, mpango uliokataliwa haukuwa dhambi. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 8, Sulemani anakumbuka kwamba Bwana alimwambia baba yake kuwa alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni.

Jibu la Daudi kwa katazo hilo ni mojawapo ya picha bora za kukabidhi katika Biblia yote. Aliingia akaketi mbele za Bwana na kushukuru. Kisha, kwa mujibu wa kitabu cha Mambo ya Nyakati wa Kwanza, alitumia miaka yake iliyobaki kukusanya dhahabu, fedha, shaba, chuma, mawe na mbao za mierezi kwa ajili ya jengo asiloliona, na akamkabidhi Sulemani ramani yake. Wapo wazazi wanaoielewa hali hiyo vizuri: waliotamani kusoma wakakosa karo, wakauza mbuzi na mahindi ili mtoto avae joho ambalo wao hawakulivaa. Mpango ulibaki, mikono ya kuutimiza ikawa mingine.

Mtume Paulo ndiye mpangaji mkubwa wa safari katika Agano Jipya, na maisha yake yanaonyesha hatua zikielekezwa kwa namna zaidi ya moja. Matendo ya Mitume, sura ya 16, inasimulia kwamba Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, yaani jimbo la Kirumi la magharibi ya Uturuki ya leo. Wakajaribu kwenda Bithinia, kaskazini, na huko nako hawakuruhusiwa. Wakapita Misia wakateremka mpaka Troa, mji wa bandari, wakiwa na milango miwili iliyofungwa nyuma yao na bahari mbele yao. Hapo Paulo akaona katika njozi mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie. Mwandishi anasema walihitimisha kwamba Mungu amewaita huko: waliyaweka pamoja makatazo mawili na njozi moja, wakakata shauri pamoja. Walipovuka, wa kwanza kuamini Filipi alikuwa Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau aliyetoka Thiatira, na Thiatira iko katika Asia ile ile waliyokatazwa kuhubiri. Tena mlango wa Asia haukufungwa milele, maana baadaye Paulo alifundisha Efeso, mji mkuu wa eneo hilo, kwa zaidi ya miaka miwili. Katazo la mwanzo lilihusu wakati.

Mpango mwingine wa Paulo ulikuwa mkubwa zaidi. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 15, anaueleza hatua kwa hatua. Amemaliza kazi yake katika maeneo ya mashariki. Kwanza atakwenda Yerusalemu kupeleka mchango uliokusanywa na makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini. Kisha atapitia Rumi, akae kidogo na ndugu wa huko, wamsaidie kuendelea na safari mpaka Hispania. Anawaomba wamwombee mambo matatu: aokolewe kutoka kwa wapinzani walioko Uyahudi, huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu, na afike Rumi kwa furaha kwa mapenzi ya Mungu. Katika sura ya 1 ya waraka huo huo alikwisha kukiri kwamba mara nyingi alikusudia kuwaendea akazuiliwa.

Yaliyofuata hayakufanana na ratiba. Huko Yerusalemu alikamatwa hekaluni, akaokolewa kutoka kwa kundi la watu wenye hasira, ila waliomwokoa walikuwa askari wa Kirumi waliomfunga minyororo. Alikaa kizuizini Kaisaria miaka miwili kwa sababu mtawala Feliki alitaka kuwapendeza watu na alitumaini kupewa fedha. Alisafirishwa kwenda Rumi kama mfungwa, katika merikebu yenye watu 276, ikavunjika karibu na Malta. Hatimaye aliingia Rumi, akakaa miaka miwili katika nyumba ya kupanga chini ya ulinzi wa askari. Alifika, kama alivyoomba. Njia na mavazi ya kufikia hapo hakuyachagua yeye. Kuhusu Hispania, Agano Jipya liko kimya. Halisemi popote kwamba alifika.

Barua ya kuomba msaada wa safari ya Hispania ndiyo hiyo Warumi. Paulo aliiandika kwa kuwa alihitaji kujitambulisha kwa kanisa ambalo hakuliasisi, na Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, ndiye anayetambulishwa humo, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa aliyeipeleka. Mwaka 386, katika bustani huko Milan, Augustino alifungua maandiko ya Paulo akakutana na maneno ya barua hiyo, na maisha yake yakabadilika. Martin Luther aliisoma na kuifundisha darasani karne ya 16. Tarehe 24 Mei 1738, John Wesley alikaa katika mkutano mdogo jijini London akisikiliza dibaji ya Luther juu ya Warumi ikisomwa, akahisi moyo wake ukipata joto la ajabu. Safari ambayo Agano Jipya halithibitishi kwamba ilifanyika iliacha barua ambayo Kanisa halijaacha kuisoma. Paulo alipokuwa akimwandikisha karani wake Tertio, alidhani anapanga safari.

Pwani ya Kenya ina ushuhuda wake katika jambo hili. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Akiwa mmisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, alikwenda Ethiopia mwaka 1837 na moyo wake ukashikwa na Waoromo. Njia ya kurudi kwao kupitia kaskazini ilipofungwa, aliamua kuwafikia kwa upande wa kusini. Mwezi Januari 1844 alifika Unguja, akapewa barua na Sultani Seyyid Said, na baada ya miezi michache akaweka makazi Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Kwa hesabu yake, Mombasa ilikuwa kituo cha kupitia. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua binti, na katika siku chache mama na mtoto wote wawili wakafariki kwa homa, Krapf mwenyewe akiwa hoi kitandani. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Krapf alibaki. Alikuwa amekwisha anza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mjini, na aliendelea. Mwaka 1846 Johannes Rebmann aliungana naye, na wote wawili wakahamia Rabai. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Mnyororo huo haukujengwa naye, na njia ya Waoromo haikumfungukia kama alivyotamani. Afya yake ilimrudisha Ulaya mwaka 1853, huku waongofu wakihesabika kwa vidole. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kilichotoka katika miaka hiyo ni sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850, kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya Krapf kufariki, na mwanzo wa kuyaandika Maandiko ya lugha hii kwa herufi za Kirumi. Lugha ya mji wa kupitia ilikuja kuwa lugha ambayo mamilioni ya watu, kutoka Mombasa hadi Kongo, wanaitumia kusomea Biblia.

Habari hiyo inataka uangalifu inaposimuliwa. Kamusi hailipi kaburi. Imani ya Kikristo haimtaki mtu aseme kwamba kifo cha mama na mtoto mchanga kilikuwa bei nafuu ya kazi njema iliyofuata. Paulo katika Warumi, sura ya 8, anafundisha kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote kwa ajili ya wema wa wampendao. Hafundishi kwamba mambo yote ni mema. Anayekwenda matangani na maelezo ya haraka kuhusu mpango wa Mungu humwongezea mfiwa mzigo wa pili, ule wa kulazimika kukubali asichokielewa. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba walizokaa naye chini kimya. Makosa yao yalianza walipoanza kueleza.

Uangalifu huo unahitajika pia kwa ahadi inayopendwa kuliko zote katika somo hili, ile ya Yeremia, sura ya 29, mstari wa 11, kuhusu mawazo ya amani ambayo Bwana anawawazia watu wake. Ahadi hiyo iko kwenye kalenda za ukutani, kadi za mahafali na vioo vya daladala. Ilitolewa kwa barua, na waliopelekewa barua hiyo walikuwa mateka huko Babeli. Sura iliyotangulia inamtaja nabii Hanania, aliyewatangazia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa kwa miaka miwili. Yeremia aliandika kwamba itakuwa miaka 70. Kwa sababu hiyo aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, na wauombee amani mji waliopelekwa utumwani. Wengi wa waliosomewa ahadi hiyo hawakuishi kuona kurudi. Kwao, kuamini kulikuwa na sura ya mtu anayepanda mti katika ardhi ya ugenini kwa ajili ya wajukuu. Anayetaka faraja ya mstari wa 11 bila subira ya mstari wa 10 anamsikiliza Hanania akidhani ni Yeremia.

Katika maisha ya kila siku, kukabidhi mpango kuna hatua zinazoweza kutajwa. Ya kwanza ni kupima nia kwa Maandiko, maana hakuna haja ya kuomba mwongozo juu ya jambo ambalo Mungu amekwisha likataza. Biashara inayosimama kwa rushwa haihitaji mkesha wa kuombea kibali. Ya pili ni kuupeleka mpango wenyewe katika sala, pamoja na tarehe zake, kiasi chake na hofu zake. Ya tatu ni ushauri, kwa kuwa Mithali, sura ya 15, inafundisha kwamba mipango huvunjika pasipo mashauri na huthibitika kwa wingi wa washauri. Mshauri mwema ni yule anayeweza kusema hapana. Ya nne ni kuanza kazi kwa bidii, kama mkulima anayetayarisha shamba kabla ya vuli bila kuwa na uwezo wa kuita hata tone moja. Ya tano ni kuukabidhi mpango huo tena, kwa sababu mzigo uliobingirishwa asubuhi huweza kuokotwa tena saa sita ya usiku, mtu akiwa macho anapiga hesabu za karo.

Mpango unapobadilika, kuna wajibu kwa wengine. Paulo alipobadili safari yake ya Korintho, walikuwapo waliomwona kigeugeu, mtu wa ndiyo na siyo kwa pamoja. Katika Wakorintho wa Pili, sura ya 1 na ya 2, hakujificha nyuma ya mapenzi ya Mungu. Alieleza sababu zake, kwamba alitaka kuwahurumia asiwafikie kwa huzuni. Mkristo aliyeahidi kodi, zamu au mchango wa harusi, kisha mambo yakageuka, anapaswa kutoa taarifa mapema na kueleza kwa kweli. Kumtumaini Mungu hakumwondolei mtu deni la uaminifu kwa jirani.

Wajibu mwingine unahusu kauli ya Mungu ameniambia. Katika Matendo, sura ya 21, nabii Agabo alimtabiria Paulo kwamba atafungwa Yerusalemu, na ndugu wote wa Kaisaria, wakiwa na machozi, wakamsihi asipande. Paulo alikataa. Hapo wapo waumini wa kweli, wenye neno moja la unabii, wanaofikia mashauri mawili tofauti. Hakuna upande uliouita mwingine muasi. Aliposhikilia msimamo wake walinyamaza na kuyaachia mapenzi ya Bwana yatendeke, kisha baadhi yao wakafunga mizigo wakaenda naye. Mtu anayetumia ufunuo wake kumlazimisha binti kuolewa, au kulilazimisha kanisa kuchanga, amevunja desturi hiyo njema. Aliyemkabidhi Mungu mpango wake hana haja ya kuwatisha watu ili utimie.

Kilele cha mafundisho haya yote kiko Gethsemane. Usiku wa kukamatwa kwake, Yesu aliomba kikombe kimwepuke kama inawezekana. Aliomba kwa maneno ya wazi, na kwa mujibu wa Mathayo alirudia ombi hilo hata mara ya tatu. Katika sala hiyo alitaka mapenzi ya Baba yatimie kuliko yake mwenyewe. Sehemu zote mbili zilitamkwa na mdomo mmoja. Ombi lilisemwa bila kupunguzwa, na utii ukatolewa bila kuombwa mara ya pili. Anayeficha anachokitaka hajakabidhi kitu, kwa kuwa hakuna makabidhiano ya mzigo usiofunguliwa. Na anayetaja anachokitaka asiuachie mkono ameonyesha tu orodha. Yesu alifanya yote mawili, kisha akainuka, akawaamsha wanafunzi wake, akatoka kuwaendea waliokuja kumkamata.